Gari la dizeli la mtumba na mlima wa Musaga: mambo ambayo mmiliki mpya anapaswa kuyafahamu

Barabara ya kitaifa namba 7 inaacha tambarare ya Ziwa Tanganyika mtaani Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, na kuanza kupanda milima kuelekea Ijenda na Matana. Mabasi madogo na malori mengi yanayopita hapo hutumia dizeli, ambayo wakazi wa Bujumbura huiita mazutu, na mengi kati ya hayo yalikwisha kutumika ng'ambo kwa miaka mingi kabla ya kuingia Burundi, mara nyingi kupitia bandari ya Dar es Salaam. Familia inaponunua gari la namna hiyo, liwe la kubeba abiria, la kusafirisha mazao au la safari ndefu ambamo watu hulala humohumo, kwa kawaida huwa imetoa akiba ya miaka kadhaa. Hitilafu moja kubwa katika miezi ya mwanzo inatosha kuimaliza akiba hiyo.

Hata hivyo, hasara nyingi zinazowapata wamiliki wapya hazitokani na uzee wa gari peke yake. Zinatokana na mambo matatu: maji na uchafu ndani ya mafuta, joto wakati wa kupanda mlima, na breki wakati wa kushuka. Yote matatu yanaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, iwapo mwenye gari anajua cha kutazama na wakati wa kukitazama.

Injini isiyotumia cheche

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hukandamiza hewa hadi ujazo wake ubaki takriban sehemu moja ya ishirini, hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha nozeli hunyunyiza mafuta nayo huwaka papo hapo. Uhai wa injini hiyo unategemea basi mambo mawili: mgandamizo usiovuja, na mafuta yanayonyunyizwa kwa kipimo sahihi.

Pampu ya mafuta na nozeli zimechongwa kwa ustadi mkubwa. Nafasi kati ya sehemu zake zinazosuguana ni ndogo kuliko unene wa unywele. Tena sehemu hizo hulainishwa na mazutu yenyewe. Tone la maji au punje ya mchanga ikifika hapo, msuguano huanza, na kinachofuata ni gari kukosa nguvu, kutoa moshi na hatimaye kugoma kuwaka.

Magari yanayopatikana sokoni ni ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yenye pampu ya zamani inayoendeshwa kimitambo, kama Toyota HiAce zenye injini za 2L, 3L na 5L. Ya pili ni yale ya mfumo wa komoni reli unaoongozwa na kompyuta, kama baadhi ya HiAce za kizazi kilichozinduliwa mwaka 2004. Komoni reli hutumia mafuta kidogo na ina nguvu zaidi, lakini husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, na haivumilii uchafu hata kidogo. Pampu ya zamani huvumilia zaidi, na mafundi wengi wanaweza kuifungua na kuirekebisha bila kompyuta. Kwa mtu anayenunua gari la kwanza la dizeli mahali ambapo ubora wa mafuta hautabiriki, tofauti hiyo ni nzito kuliko rangi ya gari au idadi ya viti.

Kabla ya kulipa, na mwezi wa kwanza

Gari la dizeli hukaguliwa likiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha mapema huenda ameficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi, kwa hiyo mnunuzi huweka mkono juu ya boneti kabla ya kuomba ufunguo. Injini ikishawaka, moshi hueleza mengi. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta kuzidi hewa, pengine kwa sababu ya kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli zilizochoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto waweza kuwa mafuta yasiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya silinda.

Jaribio jingine ni kufungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma polepole. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Upepo unaopuliza kwa nguvu na kwa mapigo huonyesha kwamba ringi za pistoni zimelika na mgandamizo unavuja. Oili iliyobadilika rangi na kufanana na chai ya maziwa huonyesha kwamba imechanganyika na maji. Oili nyeusi, kwa upande wake, si dalili ya ubovu: katika dizeli masizi huifanya iwe nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa.

Namba ya kilomita inayosomeka kwenye dashibodi haipaswi kuaminiwa peke yake, kwa kuwa kipimo hicho huweza kurudishwa nyuma. Njia ya busara ni kulihesabu gari kana kwamba halijawahi kuhudumiwa: kubadilisha oili ya injini, kichujio cha oili, cha mafuta na cha hewa, pamoja na mafuta ya breki na maji ya rejeta, kisha kuandika tarehe na kilomita za siku hiyo. Kwa dizeli za zamani, oili hubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, na mapema zaidi kwa gari linalonguruma saa nyingi likiwa limesimama.

Jambo ambalo wengi huliahirisha ni mkanda wa taimingi. Injini za 2L, 3L na 5L zinao, na baadhi ya magari ya Toyota yana taa yenye maandishi T-BELT inayowaka kilomita zikifika 100,000. Mkanda ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu, na gharama ya mkanda mmoja hugeuka kuwa gharama ya kufungua injini nzima. Kama hakuna ushahidi wa maandishi kwamba ulibadilishwa, ubadilishwe.

Maji ndani ya mazutu

Kwa miaka ya hivi karibuni Burundi imekabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Madereva wamekesha kwenye foleni za vituo, na wengine wamenunua mafuta ya bidoni yanayovushwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Bidoni haionyeshi kilichomo. Huenda ilibeba mafuta ya kupikia juzi, huenda ilioshwa isikauke, na huenda mazutu yamechanganywa na mafuta ya taa, ambayo hulainisha kwa uchache na hivyo kuila pampu polepole.

Uhaba wenyewe pia huleta maji. Tangi linaloachwa karibu tupu hujaa hewa yenye unyevu, na unyevu huo huganda kuwa matone kwenye kuta za tangi usiku unapopoa. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo hukaa chini kabisa, mahali ambapo bomba hufyonza.

Kinga ya kwanza ni chupa ya kioo. Mazutu hutiwa ndani yake na kuachwa kwa muda wa saa moja. Yaliyo safi hubaki angavu. Yenye maji hufanya ukungu au mstari unaoonekana chini, na mchanga hutulia. Jaribio hilo halifichui mafuta ya taa, lakini hufichua maadui wawili wa haraka zaidi. Kinga ya pili ni kumimina kupitia kitambaa kizito au chujio lenye matundu madogo.

Kinga ya tatu tayari imo ndani ya gari. Chini ya kichujio cha mazutu cha magari mengi pana kizibo kidogo cha kutolea maji, na juu yake pampu ya mkono. Kizibo hulegezwa, chombo huwekwa chini, na pampu husukumwa mpaka yatoke mazutu safi bila maji, kisha kizibo hukazwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kwa anayetumia mafuta ya bidoni, ni vyema kuifanya kila wiki badala ya kungoja taa ya onyo iwake kwenye dashibodi.

Mmiliki mpya aliyezoea petroli anapaswa pia kujua kwamba dizeli haipendi kuishiwa. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye mabomba, na kumimina mafuta peke yake hakutaliwasha gari. Ni lazima hewa itolewe kwa kulegeza skurubu ya kichujio na kusukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Kulazimisha ufunguo bila kufanya hivyo huimaliza betri na kuichosha stata.

Kupanda: vita na joto

Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Gari linalotoka Musaga kwenda Ijenda hufika kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 ndani ya safari isiyofikia kilomita 50. Katika safari hiyo mgandamizo wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu, hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu hata ikiwa nzima. Kuendelea kukanyaga mafuta hakuongezi mwendo, huongeza joto.

Maji nayo huchemka mapema kadiri mwinuko unavyozidi. Kwenye mita 2,000, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndani ya rejeta yanastahimili joto la juu zaidi kwa sababu mfuniko wake hushikilia mgandamizo. Mfuniko wenye mpira uliokatika ni kitu kidogo kinachoweza kuangamiza injini kubwa. Dawa ya kupozea inayochanganywa na maji nayo ina kazi yake: hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya bomba au ya mto yakitiwa peke yake kwa miezi mingi, chumvi na kutu huziba mirija ya rejeta, na gari lililokuwa likitulia vizuri katika barabara tambarare za mjini huanza kuchemka mlimani.

Sindano ya joto ikianza kupanda, dereva hushusha gia, hupunguza mwendo na kuzima kiyoyozi. Ikiendelea kupanda, husimama mahali salama, huzima injini na kungoja kwa muda usiopungua nusu saa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa wa moto, kwa kuwa maji yanayoruka huunguza uso na mikono vibaya. Maji baridi hayamiminwi juu ya injini yenye moto, kwa kuwa chuma hupasuka. Dereva anayesema amebakiza kona chache kufika ndiye ambaye mara nyingi huishia kununua gasketi na kichwa cha silinda kipya.

Kushuka: mahali ambapo maisha yamo hatarini

Kupanda huharibu injini, lakini kushuka huua watu. Basi dogo lenye uzito wa tani mbili na nusu pamoja na mzigo, likishuka zaidi ya mita 1,200 hadi Musaga, hubeba nishati ambayo, ikiachiwa breki peke yake, hutoa joto la kutosha kuchemsha takriban lita 100 za maji. Joto hilo lote hupita kwenye pedi, diski na ngoma chache tu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri yanavyozeeka. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205; yakishanyonya unyevu, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na pedali hushuka hadi sakafuni bila gari kusimama. Dereva huwa hakupata onyo lolote mjini, kwa sababu mjini breki hazikuwahi kupata moto kiasi hicho. Ndiyo sababu mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua.

Kanuni ya zamani ya madereva wa milimani ingali sahihi: gari hushuka kwa gia lililopandia, au iliyo chini yake. Injini hushikilia mwendo, na breki hukanyagwa kwa vipindi vifupi vyenye uthabiti, si kushikiliwa mfululizo.

Wakati wa uhaba wa mafuta hujitokeza kishawishi cha kuliacha gari liteleze bila gia, au hata injini ikiwa imezimwa, kwa matumaini ya kubana matumizi. Hesabu hiyo ina makosa. Gari likishuka ndani ya gia huku mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedali ya mafuta, pampu hukata karibu mafuta yote, kwa hiyo hakuna cha maana kinachookolewa. Kinachopotea ni kikubwa. Nguvu ya ziada ya breki katika mabasi haya hutegemea pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, msaada huo huisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani waweza kujifunga. Hapo gari lote, pamoja na waliomo, huwa limeachwa mikononi mwa mteremko.

Gari linapogeuka nyumba

Safari ndefu na foleni za mafuta zimewafanya madereva wengi walale ndani ya magari yao, bila kuwa na yale magari-nyumba yenye vitanda na jiko yanayotumiwa na watalii wa Ulaya. Kanuni za usalama ni zilezile. Injini haiachwi ikinguruma watu wakiwa wamelala ndani, hasa penye ukuta au magari yaliyobanana. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa huleta gesi hiyohiyo kwa wingi zaidi.

Bidoni za akiba hazikai pamoja na wanaolala. Mazutu safi hayashiki moto kwa urahisi katika joto la kawaida, lakini yaliyochanganywa na petroli hutoa mvuke unaolipuka kwa cheche ndogo. Taa na simu nazo hunyonya betri: betri ya volti 12 ikionyesha chini ya volti 12 asubuhi, dizeli yenye mgandamizo mkubwa huenda isizunguke. Anayelala garini mara kwa mara hufaidika kwa kuwa na betri ya pili iliyotenganishwa na ile ya kuwashia. Ni vyema pia kuhakikisha volti za gari kabla ya kuunganisha chochote, kwa kuwa baadhi ya mabasi ya Toyota Coaster hutumia volti 24.

Fundi, vipuri na daftari

Buyenzi, mtaa unaojulikana kuwa ngome ya Kiswahili mjini Bujumbura, unajulikana vilevile kwa gereji na maduka ya vipuri. Anayekwenda huko hufanya vyema kuchukua namba ya injini na namba ya chesisi zilizoandikwa kwenye kibati cha gari, kwa sababu HiAce mbili zinazofanana kwa nje zaweza kuwa na injini tofauti. Kipuri cha zamani hurudishwa kwa mwenye gari ili alinganishe na kile kipya. Na fundi anayeshauri kubadilisha nozeli zote huombwa kwanza azipime kwenye mashine.

Kisha liwepo daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei na jina la fundi. Daftari hilo humsaidia mwenye gari kuona tatizo linalojirudia, humrahisishia maandalizi ya ukaguzi wa kiufundi wa OTRACO, na siku ya kuliuza gari huwa na thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Dakika tano za asubuhi

Kabla ya kuanza mlima, yapo mambo sita ya kutazamwa, injini ikiwa bado baridi. Oili kwenye kijiti iwe kati ya alama mbili. Maji ya rejeta yafike kiwango chake. Mafuta ya breki yasiwe yamepungua, kwani yakipungua ama pedi zimelika ama kuna mahali panapovuja. Mikanda isiwe na nyufa. Matairi yawe na upepo wa kutosha, na chini ya gari kusiwe na tone jipya. Hatimaye pedali ya breki hukanyagwa na kushikiliwa kwa nguvu injini ikiwa imewashwa: ikizama polepole chini ya mguu, safari ya Ijenda isubiri mpaka fundi aje.